Mwalimu Aliyemrudisha Nyumbani Mtoto wa Kirusi

Jina lake ninalijua. Ninalijua la kwake, la baba yake, la mke aliyemwacha Uvira, kwetu Kongo, na la mke aliyemwoa huku. Mimi majina hayanitoki. Shuleni niliishia darasa la tatu, lakini mtu akinitajia jina mara moja, limekaa. La huyu sitaliandika. Aitwe Mwalimu, kama alivyoitwa Jules Street nzima, hapa Johannesburg. Akisoma hapa atajua ninamsema yeye, na atajua kwa nini nimemnyima jina.

Watu wa Malvern wakimkumbuka, wanakumbuka sauti. Mwili ulikuwa mdogo, shingo inaogelea ndani ya kola ya shati la ulinzi, lakini akifungua mdomo ungesema mtu amewasha redio kubwa. Alikuwa analinda duka la makochi kule Kensington. Jumamosi akitoka zamu alikuja moja kwa moja saluni ya Dada Neema, akakaa kwenye kiti chenye kofia ya kukaushia nywele, kofia imemfunika kichwa na haijawashwa, kama askofu. Mimi nauza ndakala na sombe mlangoni pa saluni ile. Ndakala ni dagaa, sombe ni kisamvu, kwa msiojua. Mama Riziki, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuja na vifungo vyake na pindo zake akakaa nasi. Hapo ndipo Mwalimu alipotusimulia kitabu cha Warusi, tangu mwaka 2016 mpaka karibu mwisho wa 2018.

Kitabu alikiokota kwenye meza ya muuza vitu vya zamani Joubert Park, kwa Kifaransa, kinene kama matofali mawili, jalada limeng'oka.

"Ni Biblia hiyo?" Neema akamuuliza siku ya kwanza.

"Ni vita. Wafaransa wanaivamia Urusi. Zamani sana, wakati wa farasi na mizinga."

"Mwalimu, sisi vita tumeikimbia, wewe unatuletea nyingine kwenye mfuko wa plastiki?"

"Hii ni ya wazungu watupu, dada. Kaa, usiogope."

Akatueleza kwamba aliyekiandika hakuwa amezaliwa vita ile ilipopiganwa. Lakini alishakuwa askari katika vita nyingine, kwa hiyo harufu ya baruti aliijua. Alisoma barua za wazee, akaenda mwenyewe kutembea kwenye uwanja walikopigana, ikamchukua miaka. Ndani akaweka wafalme wa kweli na majenerali wa kweli, halafu katikati yao akatia familia chache alizozibuni, watu wanaooana, wanaofilisika, wanaozaa, ili tuione vita kutoka mezani kwao. Na mwandiko wake ulikuwa mbaya, akasema, hata mke wake ndiye aliyekaa akinakili yote kwa mkono. Bwana akibadilisha, mama ananakili tena.

"Yote hiyo?" Mama Riziki akaacha sindano. "Na watoto nani analea?"

"Yeye."

"Na jina la nani liko juu ya kitabu?"

"La bwana."

"Eh! Basi hiyo vita naijua. Endelea."

Mwalimu alisimulia polepole. Karamu moja tu ya mabwana wakubwa ilimaliza mwezi mzima: nani kavaa nini, nani kamwangalia nani, nani anasubiri mzee afe agawane mali. Tukimharakisha alikuwa na neno lake: "Polepole, vita haijafika." Alilisema hata barabarani, robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu na watu wanataka kuvuka. Alilisema kwa wateja wa Neema waliolalamika kwamba kusukwa kunachukua muda. Zamani nililipenda neno hilo. Sasa nikilikumbuka damu inanipanda.

Nitasema na mazuri yake, nisije nikaambiwa nimeandika kwa hasira tu, ingawa hasira ninayo na siifichi. Alikuwa msafi. Shati la ulinzi alilipiga pasi mpaka mikunjo inakata. Ukimpa chai alishukuru kama umempa ng'ombe. Watoto waliozaliwa huku, wanaotusikia Kiswahili wakatujibu kwa Kiingereza na Kizulu, yeye aliwasubiri. Mjukuu wangu Furaha akimjibu "sharp, Mwalimu," yeye anasimama tu pale, kimya, mpaka mtoto aseme "sawa, Mwalimu, asante."

Lakini alikuwa mtu wa nusu mbili zisizosalimiana. Aliwacheka mabwana wa kitabu kile kwa sababu walikuwa Warusi na mezani kwao wanaongea Kifaransa, ndiyo heshima yao, na siku Mfaransa mwenyewe anakuja kuwaua hawajui hata wamlaani kwa lugha gani. Tulicheka sana. Na huyo huyo watoto wake aliwagombeza kwa Kifaransa. Aliwachukia majenerali, akisema kazi yao ni kuangalia ramani wakati wengine wanakufa. Na bosi wake wa ulinzi akipita na gari alisimama wima kama msumari.

Jambo jingine ambalo tuliliona na hatukulifikiria: hakuja kwenye misiba. Miaka yote ile, mtu wetu akifariki, watu wa Uvira, wa Bukavu, Warundi, wote tunakaa matanga kwenye flati ya mfiwa, tunachanga, tunalala chini. Mwalimu ana zamu. Daima ana zamu. Huyo aliyetutoa machozi kwa vifo vya Warusi hajawahi kukanyaga matanga ya jirani.

Maana machozi alitutoa kweli. Kulikuwa na bwana mmoja kwenye kitabu, afisa, mtu wa kiburi lakini mwema, akaumizwa kwenye ile vita kubwa karibu na mji wao. Mwalimu akatuacha hapo, jeraha linaoza, akaenda zake. Mama Riziki hakulala. Jumapili, kanisani kwetu, ule ukumbi tunaokodi Malvern, mchungaji akauliza nani ana ombi, Mama Riziki akasimama: "Tumwombee afisa mmoja Mrusi, amepigwa tumboni, yuko mahututi."

Mchungaji akafunga macho, akafungua tena. "Huyo Mrusi anakaa wapi, mama? Ana makaratasi?"

Kanisa lilivunjika mbavu. Hata Mwalimu, kwenye benchi la mbele, alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Mimi nami nilikuwa na ombi langu, lile lile kila Jumapili. Mtoto wangu wa mwisho, Byamungu. Alitoka nyumbani kwetu Kiliba akiwa hajamaliza sekondari, akawafuata wenzake waliopanda milimani na bunduki. Nilimkataza. Nilificha viatu vyake. Akaondoka na viatu vya kaka yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia yu hai wala amekufa, na mimi nikakimbia na wengine wote mpaka nikaishia huku. Kwa hiyo Jumapili nilisimama nikasema, "Tumkumbuke Byamungu, yuko safarini, Mungu amlinde njiani." Na watu wote wakaitika amina. Na kwenye benchi la mbele ile sauti ya redio nayo ikaitika amina.

Likumbukeni hilo, ndiyo kesi yangu.

Mwalimu alikuwa mwalimu wa kweli, na alifundisha Kiliba. Byamungu alikaa darasani kwake. Nilipomkuta Jules Street mara ya kwanza nilimshika mikono yote miwili, nikamuuliza, "Mwanangu ulimwona?" Akasema, "Koko," yaani bibi, ndivyo wote wanavyoniita, "wakati ule kila mtu alikimbia kwake." Nikamwamini.

Sasa, ndani ya kitabu kile kuna nyumba moja ya furaha, wanaimba, wanacheza, baba anatapanya mali, mama anahangaika. Wana kitinda mimba, mvulana. Vita inapozidi, mvulana analia anataka kwenda. Mama anakataa. Anakwenda. Siku Mwalimu alipotusimulia hapo nilisahau mteja amesimama anataka ndakala. Kila Jumamosi nilimuuliza kwanza, kabla ya salamu: "Yule mdogo yuko wapi?"

"Yupo, Koko. Yuko na farasi wake. Anawagawia wenzake zabibu kavu alizotoka nazo nyumbani."

"Amekula?"

"Amekula."

Alitusimulia mengine mengi. Mji wao mkubwa ukachomwa, wenyewe wakaukimbia kabla adui hajaingia. Ile familia ikawa imepakia magari ya farasi mazulia na vyombo, na uani kuna askari waliojeruhiwa hawana usafiri. Binti yao akapiga kelele, wakashusha mali yote, wakapakia majeruhi. Tulibishana juu ya hilo kutwa nzima. Mama Riziki alisema yeye kochi angeshusha, sufuria angeshusha, cherehani hapana. "Huyo askari atalala juu ya mashine, akitaka." Halafu baridi ikaingia, Wafaransa wakageuka kurudi kwao, wanakula farasi, wanakufa njiani kama nzi, na Warusi wanawafuata nyuma.

Na Mwalimu akatueleza lile ambalo mwandishi alilitafuta kurasa zote zile. Kwamba si mfalme aliyeipeleka vita. Mfalme anadhani anaamuru, kumbe anasukumwa. Vita inatembea kwa vitu vidogo vya watu wengi, huyu kaogopa, huyu ana njaa, huyu kamfuata rafiki yake, vinajumlishwa maelfu kwa maelfu, hakuna anayeshika usukani.

Nilimkatiza. "Kwa hiyo mtoto wa mtu akiuawa, aliyemuua ni nani?"

"Mwandishi anasema sababu ni nyingi mno, Koko."

"Sikumuuliza mwandishi. Nakuuliza wewe. Hakuna mtu wa kushikwa shati?"

Akaitoa ile kofia kichwani, akasema ana zamu. Ilikuwa asubuhi, zamu ndiyo kwanza ameitoka.

Wiki iliyofuata alitumalizia. Vita ikaisha. Binti akaolewa na yule tajiri mnene mwenye miwani, aliyetafuta ukweli kila mahali na kumbe ulikuwa nyumbani. "Na yule mdogo?" nikauliza. Mwalimu akasema, "Yule mdogo alirudi. Theluji mpaka magotini. Mama yake akamgombeza mlangoni, akampa supu." Neema akapiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyumbani nikapika mchuzi wa samaki mkubwa, siku ya kawaida, nikala na Furaha, nikamwambia, "Unaona? Wanarudi."

Hivyo ndivyo nilivyofanywa mjinga.

Mwaka 2019 Furaha akawa anaangalia hadithi ile ile kwenye simu, imefanywa picha, kwa Kiingereza. Nilikuwa nachambua sombe. Nikamwona anajifuta macho.

"Nini?"

"Eish, Koko, yule mdogo. Anakufa."

"Mdogo gani?"

"Wa ile nyumba ya furaha. Wanawavamia Wafaransa asubuhi, yeye anakimbiza farasi mbele ya wote, anapigwa risasi ya kichwa. Vita inakaribia kuisha kabisa. Halafu mama yake anapiga kelele siku nyingi, anakuwa kama mwendawazimu."

Nikamwambia arudishe nyuma, nione. Kiingereza chao sikukifuata chote, lakini kilio cha mama hakihitaji mkalimani. Kitabu kizima Mwalimu alitusimulia, mpaka vifungo vya makoti alitusimulia, na kilio kile akakitoa akakificha. Kwa nini? Kwa Neema hakukuwa na sababu. Kwa Mama Riziki hakukuwa na sababu. Nilikaa na sombe mikononi, nikajua.

Kesho yake asubuhi nilipanda teksi mpaka Kensington. Nilimkuta mbele ya duka la makochi anasubiri wa kumpokea zamu. Sikumsalimu.

"Kwa nini ulimrudisha yule mtoto?"

"Koko, karibu, kaa kwanza..."

"Sikai. Wa Warusi alikufa. Wangu je?"

Akavua kofia yake ya kazi. Aliangalia kulia na kushoto, kama anayetafuta mtu wa kumsaidia, na hakukuwa na mtu. Kisha akasema. Nitayaandika yote aliyosema, ni machache. "Niliwafuata wanafunzi wangu milimani niwaombe warudi. Byamungu alikuwepo. Asubuhi tulishambuliwa, akapigwa. Nilimzika mwenyewe."

Nikamnyooshea kidole.

"Na ulikuja Jules Street ukanywa chai yangu."

"Koko, kwetu unajua. Mama hatangaziwi msiba na mtu mmoja. Wanakuja wazee wa upande wa baba, wanakaa, wanaleta mwanamke wa kumshika mama, ndipo neno linatoka. Mimi si ukoo wenu. Nilisubiri apatikane mtu wa upande wa mume wako huku Johannesburg. Niliuliza Joubert Park, niliuliza mpaka Pretoria. Hakuna. Ningekuja mimi peke yangu, mlinzi, nikuangushie neno kama hilo mlangoni pa saluni?"

Desturi aliyoisema ni ya kweli, na hilo ndilo linanichoma zaidi. Ndivyo tunavyofanya. Lakini desturi ile ilitengenezwa ili mama asianguke peke yake. Haikutengenezwa ili mama asimame kila Jumapili amwombee marehemu ulinzi wa njiani, na aliyemzika aitike amina. Wazee wa upande wa baba wako makambini, wako Burundi, wako ardhini. Alikuwa anawasubiri wafufuke? Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, pale barabarani, watu wa Kensington wanapita na mbwa wao. Nilimwambia, "Ulikuwa na woga, ukauvisha desturi." Nikarudi na teksi.

Miezi ikapita sikumwona, wala sikutaka. Kisha Septemba ikaja na watu wakaishukia Jules Street, wakavunja, wakachoma. Sisi ni wageni, wanasema, tumewajazia mji. Mama Riziki alikimbia na cherehani kichwani, kama alivyoapa. Saluni ya Neema walivunja kioo, wakabeba viti vyote isipokuwa kile chenye kofia, kwa sababu kimepigiliwa sakafuni.

Siku ya Jumamosi tulikuwa tunafagia vigae vya kioo, mimi, Neema na Mama Riziki. Mwalimu akaja. Amekonda. Shati halikupigwa pasi. Alisimama nje ya mlango usio na kioo, mahali ambapo angeweza kupita popote, akabisha hodi kwenye mbao.

Neema akaniangalia. Yeye na Mama Riziki walishajua yote. Mama Riziki akasema kwa sauti, "Huyu naye hawakumwiba?"

"Nimekuja kwa Koko," akasema Mwalimu. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha sina leo," nikamwambia. "Ingia. Kaa."

Akataka kukaa chini. Nikamwonyesha kiti chake.

"Pale. Unapokaa siku zote."

Akakaa. Sikio lake moja lilikuwa linatetemeka, sijui kama sikio hutetemeka, lakini nililiona.

"Wewe," nikamwambia, "Warusi uliwapa zaidi ya miaka miwili. Karamu uliipa mwezi. Farasi wa mabwana nawajua kwa majina yao na rangi zao. Mwanangu ulimpa maneno kama ya mtu aliyesimama akisubiri teksi. Sikukukaribisha nikulaani, ingawa nilitaka. Nataka umsimulie. Kama ulivyowasimulia wale. Hali ya hewa. Alivyovaa. Nani alikuwa karibu yake. Alisema nini. Usiruke, na usimrudishe nyumbani."

"Koko, hayo nimejaribu kuyasahau..."

"Hujayasahau. Mtu anayesahau haendi kubadilisha vitabu vya watu."

Mama Riziki akaja akakaa nyuma yangu, karibu kabisa, magoti yake mgongoni mwangu. Hakuambiwa. Anatoka Lubumbashi, si ukoo wangu, hatuna damu hata tone. Akanishika mabega.

Mwalimu akafungua mdomo, sauti ikatoka ndogo, si ile ya redio. "Asubuhi tulishambuliwa..."

"Hapana. Anza mapema. Polepole."

Akaanza tena. Akasema usiku ulikuwa na mvua na asubuhi ukungu ulifunika bonde la Ruzizi, hata mto hauonekani. Vijana walikuwa wamewasha moto wa kuni mbichi, moshi unawaumiza macho. Byamungu alikuwa amekaa juu ya jiwe amevua viatu, kwa sababu vilikuwa vikubwa na vimemchubua kisigino. Mwenzake mmoja akampa chai kwenye kopo. Akaonja, akaitema. Akasema, "Hii chai haina sukari. Mama yangu akiona hii atakuja kunichukua mwenyewe kwa sikio."

Neema akacheka, kisha akajiziba mdomo.

Ni yeye. Hakuna mtu mwingine duniani aliyelalamikia sukari namna ile. Mpaka hapo marehemu alikuwa habari tu. Sasa alikuwa mwanangu, amekaa kwenye jiwe, kisigino kinamuuma.

Nikafungua kitambaa cha kichwa nikakiweka magotini. Kwetu mama aliyefiwa hunyolewa, na nywele zangu, nyeupe zote, nilikuwa nimezisuka kama mtu ambaye wanawe wako hai. Neema alielewa. Mashine ya kunyolea walimwibia, akatafuta mkasi kwenye droo iliyovunjika, akaupuliza vumbi, akasimama juu yangu. Suko la kwanza likaanguka kwenye vigae vya kioo.

Mwalimu akanyamaza, anaangalia lile suko.

"Nani kakuambia unyamaze?" nikamwambia. "Chai hakuinywa. Halafu?"